Kihisi cha FDOM kwenye delta ya Rufiji: uzoefu wangu

Nimekitumia kihisi hiki kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, masika na kiangazi, na hakuna kifaa botini ninachokipenda zaidi. Kinapima masalia ya majani na mizizi yaliyoyeyuka majini (kwa Kiingereza fluorescent dissolved organic matter, ndiyo FDOM), yale yanayoyapa maji ya vijitoni rangi ya chai ya mkandaa. Kinamulika maji kwa urujuanimno wa nanomita 370, kisha kinasoma mng'ao wa buluu wa nanomita 460 hivi.

Raha yake ni maji yanapokupwa. Vijito vinamwaga maji meusi, chumvi inashuka, namba zinapanda hapohapo ukiziangalia. Maji yakianza kujaa, zinageuka. Huko nyuma ilikuwa kuchota chupa, kuzifunika zisipigwe na jua (jua huifubaza rangi yenyewe) na kusubiri majibu ya maabara.

Kwenye vijito vyeusi kabisa, kuwa mwangalifu sana. Maji yaliyokolea hivyo huumeza mwanga kabla haujarudi kwenye kihisi, kwa hiyo namba inashuka ilhali masalia yameongezeka, na kwenye grafu utadhani bahari imeingia. Mimi huchota kidogo na kuzimua nusu kwa nusu kwa maji yaliyotoneshwa. Namba isipopungua kwa nusu, ile ya kwanza siiandiki. Joto nalo lirekodi, maana kila nyuzi moja ikipanda mng'ao hupungua kwa takriban asilimia 1. Tope pia huvuruga vipimo.

Kukisawazisha ni rahisi: kwinini salfeti, dawa ileile ya malaria, ndani ya asidi ya sulfuriki iliyozimuliwa. Ukiimulika gizani inawaka buluu safi.

Ukinunua, ongeza pesa upate chenye waipa, yaani kibrashi cha kufuta kioo. Maji yetu ni ya moto, utando wa mwani hushika kioo upesi, na bila waipa data za kihisi ulichokiacha majini hazitakufaa.

Kwa kufuatilia maji taka, tafuta kingine. Mng'ao wa triptofani (moja ya asidi amino zinazojenga protini), ambao ndio dalili yake, unataka mwanga wa nanomita 280 hivi, na hiki hakina. Lakini kama unasoma picha za setilaiti za pwani, kinunue. Rangi hii hufyonza mwanga wa buluu kama klorofili, rangi ya kijani ya mwani, na setilaiti inaweza kukuonyesha mwani mwingi mahali ambapo ni maji ya mikoko tu.