TAHADHARI: Fremu za Makambako zinazouzwa "pamoja na wapangaji wake"

Walimu wenzangu, hasa mliostaafu mwaka huu na hela bado iko benki: kuna mzee anauza fremu za maduka Makambako, kando ya barabara kuu kabisa, na anakwambia unazinunua zikiwa na wapangaji. Mimi ameshanimaliza. Tangu Januari kila aliyeniuliza "fremu vipi?" nimemjibu "zipo, tunamshukuru Mungu", kwa sababu ya aibu. Aibu sasa basi. Milioni 34 na elfu 80 zimekwenda. Hela hiyo mnajua ilikotoka na mnajua niliisubiri kiasi gani.

Niwaeleze siku yenyewe, maana hadi leo nikifumba macho naiona.

Ilikuwa Alhamisi, Oktoba. Nilitoka Iringa alfajiri na basi la kwanza. Nashuka tu, huyu hapa, kavaa koti la suti na kofia mkononi. "Kamwene, mwalimu." Nikaitikia. Mtu anakusalimia kwa lugha ya nyumbani, kwa adabu ile, moyo unalegea. Akanipeleka moja kwa moja kwenye fremu, akaniwekea kiti nyuma ya kaunta ya duka la kwanza, chai ya maziwa na maandazi yakaja. Kisha akasema, "Leo ni siku ya kodi. Kaa hapa uone mwenyewe, usinunue maneno yangu."

Wakaanza kuja. Wa kwanza mama wa vitenge, mtoto mgongoni. Akafungua fundo la khanga, akatoa bunda, akahesabu noti za elfu kumi kumi moja baada ya nyingine hadi arobaini na nane. Kodi ya miezi sita, elfu themanini kwa mwezi. Mzee akaandika stakabadhi kwenye kitabu chenye karatasi ya kaboni, akachana, akampa. Hela akamkabidhi kijana wake aipeleke ndani, "wapita njia wasije wakaona". Akaja kijana wa simu. Akaja baba wa pembejeo. Akaja binti wa saluni. Kila mmoja laki nne na themanini. Yule wa simu akalalamika kabisa kwamba bati linavuja juu ya kabati lake, na mzee akanigeukia: "Umesikia, mama mwenye nyumba? Hilo sasa ni lako." Wote wakacheka, wakaanza kuniita mama mwenye nyumba. Miaka thelathini na kitu ya kupanga na kukaa nyumba za shule, halafu watu wanne wananiita hivyo kwa mara moja. Nilishakubali hapo hapo, kabla hata ya kusikia bei.

Bei ilikuwa milioni 36. Akasema kodi iliyokusanywa leo, 1,920,000, ni haki yangu mimi mnunuzi, kwa hiyo tuikate kwenye bei. Nani tapeli anakurudishia hela? Ndivyo nilivyojiuliza. Nikapiga hesabu kwenye daftari: fremu nne, 3,840,000 kwa mwaka, miaka tisa na nusu hela imerudi na jengo limebaki. Nikaona ni bora kuliko kukopesha watu wa mtaani.

Na msiniambie sikuchunguza. Niliwauliza majirani zake kanisani, wakasema ni mzee wa kanisa kweli, na ni kweli. Nyumbani kwake nilikula, mkewe nilimwona amelala mgonjwa, na ndiyo sababu aliyonipa ya kuuza. Hakunikimbiza hata siku moja. Alikuwa anasema, "Mwalimu, nenda kafikirie, hata mwezi." Mwenyekiti wa mtaa alikuja na mhuri wake, akasoma mkataba wa mauziano mstari kwa mstari, mashahidi wakasaini, dole gumba likapigwa. Nilitoka pale na karatasi zangu kwenye bahasha ya kaki nikaimba njia nzima.

Januari nikarudi na fundi ili tuzibe lile bati. Mvua za kule mnazijua. Fremu tatu zimefungwa kwa kufuli, ya nne iko wazi na mbuzi wawili wamejikinga mvua ndani. Kwenye pembejeo maboksi bado yako kwenye rafu. Nikalishika moja, jepesi. Nikafungua: tupu. La pili tupu. Yote tupu, yamepangwa vizuri lebo zikitazama mlangoni.

Nikatoka nje nipate hewa, ndipo nikaiona. Ile rangi ya maji, ya maziwa, aliyopaka upande wa mbele, mvua ilikuwa imeibandua vipande vipande, na kwenye nguzo kati ya fremu ya pili na ya tatu ilikuwa inatokeza X. Nyekundu, ya rangi ya mafuta, urefu wa mkono wangu. Nilikwangua kwa kucha mpaka ikaonekana yote. Fundi akanyamaza tu.

Mshona nguo wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyenieleza. Zile fremu ziliwekwa X ya kubomolewa siku nyingi, na wapangaji wa kweli walihama mmoja mmoja. Wale niliowaona mimi walikuja na gari moja asubuhi ile na wakaondoka na gari moja baada ya mimi kuondoka. Na "mwenyekiti" hakuwa mwenyekiti. Mwenyekiti wa mtaa ni mtu mwingine kabisa, na aliponiona na ile karatasi alishika kichwa.

Nikaenda Njombe kwa watu wa barabara. Wakapima. Ukuta wangu wa mbele uko mita 17 kutoka katikati ya lami. Hifadhi ya barabara kuu tangu Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 30 kila upande, zamani ilikuwa 22.5. Aliyeko kwenye zile mita saba na nusu zilizoongezwa anawekewa X ya kijani, na akivunjiwa analipwa fidia. Aliyeko ndani ya 22.5 ni nyekundu, anavunja mwenyewe, hapati senti. Yaani nimenunua tofali ambazo siku yoyote naambiwa nizibomoe kwa gharama yangu.

Nimeshafungua kesi polisi na kupewa RB, namba ya kesi. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, miaka saba jela, na mimi nataka yote saba, isipungue hata siku. Nataka na yule mama wa vitenge afungwe, aliyenihesabia hela huku amebeba mtoto mgongoni. Nataka yule wa mhuri aseme mbele ya hakimu mhuri aliutoa wapi. Na huyo mzee asisimame tena kanisani kusoma neno mbele ya watu. Ameniita dada yake, akaniombea safari njema, kumbe anajua anaponipeleka! Mtu wa namna hiyo atolewe nje hadharani.

Mtaniuliza mngemjuaje. Rangi mpya ilikuwa upande wa barabarani tu, ubavuni na nyuma ukuta umepauka. Niliona, nikadhani ni usafi. Hakukuwa na hati wala ofa, ni karatasi za mauziano tupu. Nilipotaja wakili alisema, "Wakili wa nini kati ya ndugu?" Kipimeni kiwanja kwa futi kamba kutoka katikati ya lami, na ofisi ya mtaa nendeni wenyewe, asiwaletee mtu dukani. Na kuna noti. Katika bunda la mama wa vitenge kulikuwa na noti ya elfu kumi iliyochanika, imebandikwa selotepu kupita kichwa cha tembo. Kwenye bunda la baba wa pembejeo niliiona tena. Selotepu ile ile, tembo yule yule. Nikajisemea hela za huku zimechakaa. Ilikuwa hela moja inazunguka kwa mlango wa nyuma, na mimi nimekaa pale nakunywa chai.

Nimeandika leo kwa sababu juzi mwenzetu mmoja amenitumia picha, ananiomba ushauri. Fremu tatu, barabara ya kwenda Songea, mbele zimepakwa rangi mpya ya maziwa, "wapangaji wapo, mmiliki anauguza". Kiti nilichokalia mimi kiko pale pale kwenye picha, nyuma ya kaunta, kile chenye mguu uliofungwa waya. Aliyepata picha hizo, au ambaye ndugu yake amepata, anipigie leo hii kabla hajapanda basi. Namba yangu mnayo.