Mtambo Mdogo wa Upepo wa Nyumbani: Pima Mapanga Kabla ya Kutoa Pesa

Habari zenu watazamaji, karibuni. Huu hapa mezani ni mtambo wa upepo wa mapanga matatu, na boksi lake limeandikwa wati 1,000. Haya, napitisha futi kamba. Kipenyo cha duara la mapanga ni mita 1.2. Kwangu mimi habari ya boksi imeishia hapo.

Kwa nini? Umeme wa upepo unategemea ukubwa wa duara hilo na kasi ya upepo. Kasi ikipungua nusu, nguvu inabaki moja ya nane tu. Halafu Mjerumani Albert Betz alishaonyesha, zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwamba hakuna mtambo unaovuna zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu ya upepo. Kwa duara hili, upepo wa mita 12 kwa sekunde, ule wa kukupokonya mwavuli, hauwezi kuvuka wati 650. Kwa mtambo mdogo kama huu, tegemea kama 300.

Na huo upepo wa mita 12 tunao? Sehemu kubwa ya Uganda upepo wetu ni wa mita 2 hadi 4. Kwenye mita 4 utapata wati 11 hivi: taa moja na chaji ya simu. Ukishuka chini ya 3, mapanga yanawafurahisha watoto tu.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Mukono au Mbarara, nunua sola, tusipotezeane muda. Ninayesema naye hasa ni wewe wa Moroto, Kotido, au visiwani Kalangala, mwenye uwanja wazi au ziwa mbele yako.

Ukifika dukani, tazama nyaya tatu zinazotoka nyuma. Nazungusha kwa mkono, ni laini. Sasa nagusanisha ncha zote tatu... mmeona? Imekuwa nzito kama nakoroga ugali. Hiyo ndiyo breki yako siku ya dhoruba. Usipousikia uzito huo, uache palepale.

Kontrola nayo, kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri, iwe ya upepo. Ile ya sola, betri ikijaa, inakata tu. Mtambo unabaki bila mzigo, unaenda mbio mpaka panga linaruka, na panga likiruka halichagui mtu. Ya upepo inahamishia umeme wa ziada kwenye koili ya kuuchoma.

Mlingoti: mita 9 juu ya miti na nyumba za karibu. Kwenye paa usifunge, upepo wa pale umevurugika na nyumba nzima itanguruma. Ndiyo, mlingoti unaweza kukugharimu kuliko mtambo wenyewe.

Huu wa leo beringi zake ni tulivu, mkia unajikunja vizuri upepo ukizidi. Ningekaa Moroto ningeuchukua, usaidie sola usiku na siku za mawingu. Lakini kwa bei ya wati 300, siyo ya 1,000.