London bila kiingilio: siku mbili zilizonitosha

Nilikuwa na siku mbili tu London, na vitu vilivyonikaa moyoni zaidi sikulipia hata senti.

Nilianza British Museum, iliyofungua milango kwa umma mwaka 1759. Wahi asubuhi, nenda moja kwa moja kwenye Jiwe la Rosetta, bamba la kale la Misri lenye maandishi ya aina tatu. Mimi nilichelewa, nikasubiri sana watu wasogee. Nilipokifikia kioo niliinama kutazama maandishi: hieroglifu (maandishi ya picha ya Misri ya kale) juu, ambako jiwe limemeguka, demotiki (mwandiko wa kila siku wa Wamisri) katikati, Kigiriki chini. Herufi ni ndogo mno, zimebanana. Nilisimama pale hadi miguu ikauma.

Kesho yake National Gallery, pale Trafalgar Square, kwa ajili ya Alizeti, mchoro wa Van Gogh wa mwaka 1888. Picha za kwenye simu hazikuandai hata kidogo. Rangi imepakwa nene hadi vichwa vya maua vinaonekana vimetuna kwenye turubai. Kwangu mimi, chumba kile peke yake kinastahili safari.

Tate Modern, iliyokuwa kituo cha kufua umeme, nilipita haraka. Ukumbi wa mitambo ni mkubwa ajabu, ila sanaa yenyewe haikunigusa sana.

Angalizo: maonyesho maalumu ya muda mara nyingi yana tiketi, kwa hiyo uliza kabla ya kupanga foleni. Na ukiweza, tia chochote kwenye sanduku la michango.

Jioni nilivuka Millennium Bridge kwa miguu, kuba la kanisa kuu la St Paul's likiwa mbele yangu.