Baba wa Nuru: tamthilia iliyonigusa, na maandishi yaliyoniharibia saa yake kuu

Wiki kadhaa zimepita tangu nimalize kuitazama Hikari no Otousan, yaani Baba wa Nuru, tamthilia ya Kijapani ya mwaka 2017, na hasira niliyokuwa nayo usiku ule bado haijanitoka. Katika sehemu ya mwisho, maandishi ya tafsiri yalianza kuchelewa. Mwanzoni yalichelewa kidogo tu, kisha yakabaki nyuma kabisa, hata mtu akawa amekwisha kusema na kunyamaza ndipo maneno yake yanapita chini ya kioo, chini ya uso wa mtu mwingine. Nilijaribu kwenye simu, nikajaribu kwenye televisheni, hali ikawa ileile.

Kwa tamthilia ya kurushiana risasi ningevumilia. Hii haivumiliki, kwa sababu imesimama juu ya maneno machache sana. Akio, kijana anayeigizwa na Yudai Chiba, anaishi nyumba moja na baba yake bila kumjua. Alipokuwa mtoto waliketi pamoja wakicheza mchezo wa video wa Final Fantasy III, kisha kazi ikamchukua baba na mazungumzo yakafa. Siku moja mzee huyo, aliyekuwa na cheo kizuri kazini, anaacha kazi ghafla bila kumweleza yeyote sababu. Mwanawe anampa zawadi ya PlayStation 4, mashine ya kuchezea michezo ya video, pamoja na mchezo wa Final Fantasy XIV, ambao watu wengi huucheza kwa wakati mmoja kupitia intaneti, naye anamfuata humo akiwa amejificha nyuma ya mhusika wa kike aitwaye Maidy. Azma yake ni kulishinda joka Twintania bega kwa bega na baba yake, kisha amwambie kwamba rafiki yake wa mchezoni ni mwanawe wa kumzaa. Tangu sehemu ya kwanza mtazamaji anangoja kauli hiyo moja, na mimi nilipofika kwenye kauli hiyo, nilikuwa ninasoma ya dakika iliyopita.

Niliwaandikia watoa huduma wanaoionyesha tamthilia hii, kwa adabu, nikiwatajia sehemu yenyewe na mahali kasoro inapoanzia. Nilijibiwa kwa sentensi mbili: kwamba wateja wengine hawajalalamika, na kwamba nikiona vigumu kusoma nitafute kitu kingine cha kutazama. Nilipouliza tena, mazungumzo yakafungwa. Nimelipa ada kila mwezi bila kuchelewa hata siku moja, halafu ninaambiwa nitafute kitu kingine, kana kwamba hadithi zote ni sawa na iliyo mbele hujaza nafasi ya iliyoharibika.

Kwa ghadhabu hiyo niliazimia kuwashauri watu wasiiguse tamthilia yenyewe, na sababu nilikuwa nazo. Sikupendezwa na ile hila ya kijana. Mzee anamfungulia moyo mtu anayemdhani mgeni, naye kijana anasikiliza usiku, kisha asubuhi anaketi naye mezani kama asiyejua lolote. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo tunaona uzito wake upesi: ndani ya mchezo Akio anamwita baba yake kwa jina la mhusika wake, Indy, kama rika lake. Nilijiuliza iwapo upendo wa namna hiyo haukaribii kumpeleleza mzazi.

Lakini kila nikijaribu kuyaandika hayo kwa ukali, uso wa Ren Osugi, mwigizaji wa baba yake Akio, unanirudia na kunipokonya hoja. Baba huyu hana hotuba hata moja nzito. Anashika kidhibiti cha mchezo kwa uangalifu wa mtu anayejifunza upya kazi ya mikono, anatazama televisheni kwa utulivu wa mzee aliyezoea kutii ratiba ya ofisi, na pole pole unaona kwamba ana furaha na hajui aipeleke wapi. Wengi walimzoea katika filamu za mwongozaji Takeshi Kitano, miongoni mwa watu wa bunduki na damu. Hapa anakaa sebuleni tu, na nilishindwa kumwondolea macho. Alifariki Februari 2018 akiwa na umri wa miaka 66, mwaka mmoja hivi baada ya kazi hii, na tangu nilipolijua hilo ukimya wake umezidi kuniuma. Hata ile hila ya Akio naiona sasa kwa jicho jingine, maana pale sebuleni palikuwa hapana mlango mwingine wa kupitia.

Basi ushauri wangu wa kuikwepa naufuta. Itazameni, ila kwa njia nyingine yoyote isiyokuwa ile niliyoitumia mimi. Juzi niliirudia sehemu ya mwisho nikiwa nimeyazima maandishi kabisa, na ingawa sijui Kijapani, nilielewa zaidi kuliko mara ya kwanza. Malipo yangu yanakwisha mwisho wa mwezi huu na sitayaongeza. Kabla hayajakwisha nitaitazama mara ya tatu, hivyohivyo, bila maandishi.