Biblia yenye pengo: maandishi makubwa niliyomnunulia mama mkwe

Nianze na bei, maana ndiyo wengi mnayoiuliza kwanza: shilingi 45,000. Kijana wa dukani alitaja 50,000, nikamwomba apunguze, akaniambia Neno la Mungu halina mnada. Halafu akapunguza. Duka lenyewe silitaji. Ni moja ya yale ya vitabu vya dini hapa Moshi mjini, unalikuta ukitoka stendi ukiwa umeshachoka kukwepa bodaboda.

Biblia ni Union Version, ile tafsiri ya Kiswahili ya siku nyingi, maandishi makubwa, jalada jeusi la zipu, uzi mwekundu wa kuwekea alama, ramani za rangi mwishoni. Nilikuwa namtafutia mama mkwe wangu wa Uru, ambaye ametimiza miaka 81 na macho yanamsumbua. Mimi ni fundi cherehani, Majengo, na kitabu nakikagua kama gauni: nakigeuza ndani kwanza. Biblia iliyogandishwa kwa gundi tupu huanza kuachia Mwanzo na Ufunuo, kwa sababu kurasa za mwanzo na za mwisho ndizo zinazovutwa sana. Hii imeshonwa. Ukiifungua taratibu katikati ya fungu la kurasa unauona uzi mweupe umepita kwenye mkunjo, mishono imelingana. Hapo nikaridhika, nikalipa.

Herufi ni nzuri kwelikweli. Nyeusi, nene, zimeachiana nafasi, na karatasi ingawa ni nyembamba haionyeshi sana maandishi ya nyuma. Tatizo ni maneno ya Yesu. Yamechapwa kwa wino mwekundu, na huo wekundu umepauka kama kanga iliyofuliwa mara mia. Mchana unasoma. Jioni, kwa taa ya sola, Hotuba ya Mlimani yote inakuwa ukungu. Sijui nani aliamua kwamba maneno tunayoyahitaji kuliko yote ndiyo yachapwe kwa rangi inayoonekana kidogo kuliko zote.

Zipu isahauni. Ilikufa wiki ya pili, meno yakabaki upande mmoja kama ya mamba. Nilifumua nikaweka zipu ya chuma namba 5 niliyoinunua Mbuyuni, na sasa itadumu kuliko mimi. Lakini si kila anayenunua Biblia ana cherehani.

Sasa niwaambie yaliyonikuta.

Jumapili baada ya ibada nilipanda Hiace ya Uru, Biblia nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua. Ukurasa wa kwanza nilikuwa nimeshaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shule: "Kwa mama yetu mpendwa." Nilimkuta nje anamenya ndizi. Shikamoo mama, marahaba, akafuta mikono kwenye kanga, akaipokea kwa mikono miwili. Akavaa miwani. Akaivua. Akacheka, maana bila miwani alikuwa anasoma.

Kisha akaanza kutafuta kitu. Akafika Wimbo Ulio Bora, akafunua, akakuta Isaya. Akarudi nyuma. Akafunua tena kwa kulowesha kidole, akidhani kurasa zimegandana.

"Mama Eliza," akaniambia, "hii Biblia yako ina pengo kama kinywa changu."

Alikuwa anatafuta Hekima, sura ya tatu. Ndiyo iliyosomwa siku tulipomzika baba mkwe pale nyuma ya nyumba, migombani: kwamba roho za wenye haki zimo mkononi mwa Mungu na hakuna mateso yatakayozigusa. Nilikuwepo siku hiyo. Nililisikia somo lile, nikalia, na miaka yote hii nilidhani ni Isaya.

Mimi ni Mlutheri, nilibarikiwa kwa kipaimara nikiwa na miaka 14, nimeolewa na Mkatoliki (wa Krismasi na Pasaka, lakini Mkatoliki) miaka 26. Na bado niliingia dukani nikaomba "Biblia ya maandishi makubwa" kama mtu anayeomba kilo ya sukari. Ya kwetu ina vitabu 66, ya Wakatoliki 73. Saba vinavyozidi ni Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na viwili vya Wamakabayo, pamoja na nyongeza ndani ya Esta na Danieli. Vinaitwa Deuterokanoni. Kijana wa dukani hakuniuliza naenda kumsomesha nani, na nadhani kwa mji kama huu, ambao KKKT, kanisa letu la Kilutheri, na Wakatoliki wanagawana familia moja hadi kwenye meza ya chakula, hilo lingekuwa swali la kwanza kabla ya bei.

Nilipomweleza mchungaji wetu, nikitegemea atacheka, aliniambia kitu ambacho darasa la kipaimara halikunifundisha. Luther mwenyewe hakuvitupa vitabu hivyo. Katika Biblia yake ya Kijerumani ya 1534 aliviweka pamoja kati ya Agano la Kale na Agano Jipya, akaandika kwamba havilingani na Maandiko Matakatifu ila ni vizuri na vyafaa kusomwa. Wakatoliki nao, kwenye Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wao, mwaka 1546, wakatamka kwamba ni Maandiko sawa na mengine. Kuvitoa kabisa kwenye Biblia zinazochapwa kwa wingi kulikuja baadaye sana, vyama vya Biblia vilipokataa kuvilipia. Kwa hiyo lile pengo la mama mkwe halina umri mkubwa kama nilivyodhani.

Nilirudi dukani Jumatatu. Hawakuipokea, kwa sababu nilishaandika kwa kalamu. Sina ugomvi na hilo. Hata mimi gauni lililokwisha kuvaliwa silirudishi. Walikuwa na Biblia mbili zenye Deuterokanoni: Habari Njema, tafsiri ya Kiswahili cha siku hizi, yenye herufi za wastani, na Union Version yenye herufi ndogo kama sisimizi. Wakaniruhusu nipige picha kurasa chache za zote mbili kwa simu, nimwonyeshe mwenyewe. Kwa huo uungwana nawapa nyota zote.

Habari Njema aliikataa kabla sijamaliza mstari mmoja. Nilimsomea Zaburi ya 23, na pale alipozoea kumkuta Bwana akamkuta Mwenyezi-Mungu. "Huyo ni yuleyule?" akauliza. Ni yuleyule, mama. Wayahudi walipolifikia jina la Mungu kwenye Maandiko hawakulitamka, walisema Bwana, na watafsiri wa Union Version wakafuata njia hiyo. Hawa wengine wakachagua Mwenyezi-Mungu. Akanisikiliza hadi mwisho, mtu wa heshima. Kisha akasema hiyo zaburi anaimaliza kila usiku kabla ya kulala, na hawezi kuanza kumtafuta Mungu kwa jina jipya kwenye umri huu.

Namwelewa. Union Version kamili ilitoka 1952, ikachukua nafasi ya tafsiri za Kiunguja na Kimvita, na yeye amekua nayo. "Gongo lako na fimbo yako vyanifariji": nani anasema vyanifariji leo? Lakini ukimwambia "vinanifariji" atahisi umemkanyaga. Mjukuu wake wa darasa la sita, kwa upande mwingine, anaelewa Habari Njema bila mkalimani, na kama mnanunua kwa ajili ya mtoto, nunueni hiyo.

Ila kuna neno moja ambalo hata mtoto nisingependa alikose. Warumi 3:28, Union Version: "mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria." Habari Njema inasema mtu hukubaliwa kuwa mwadilifu. Ni sahihi, ni rahisi, lakini mimi nina daftari la madeni dukani, na kuhesabiwa nakujua. Mwaka juzi kuna mama alikuwa na deni langu la sare za watoto watatu. Dada yake akaja kimya kimya akalilipa. Nikachora mstari, nikaandika "amelipa", chini ya jina la mdaiwa. Hakulipa yeye hata senti. Daftari langu linamhesabu amelipa. Hivyo ndivyo nilivyouelewa wokovu, kwa daftari, kuliko mahubiri mengi niliyokaa nikayasikiliza.

Nilimwambia mama mkwe hilo huku tunakata ndizi za mtori. Akafikiri, kisha akaniuliza, "Na huyo mama, alipojua, hakumpelekea dada yake hata mkungu?" Hapo alikuwa ananipiga na Yakobo sura ya pili, kwamba imani bila matendo imekufa, bila kumtaja Yakobo. Nikamwambia Walutheri na Wakatoliki walikwisha kutia saini tamko la pamoja kuhusu jambo hili, Augsburg, tarehe 31 Oktoba 1999, wakakubaliana kwamba Mungu hutupokea kwa neema tu, si kwa stahili yetu, na kwamba matendo mema hufuata kama matunda. Akasema wangemuuliza yeye wangeokoa nauli.

Kuwaombea marehemu hatujakubaliana. Yeye anashika Wamakabayo wa pili sura ya 12, pale Yuda Mmakabayo alipochanga fedha itolewe sadaka kwa ajili ya waliokufa vitani. Mimi nabaki na nilichofundishwa. Tukifika hapo huwa anaongeza kuni na mimi namenya ndizi nyingine.

Mwisho alichagua ile ya sisimizi, 38,000, kwa sababu ina Hekima na ina Bwana. Nikamtafutia lenzi ya mkononi, 7,000, na mwanga anaufuata dirishani. Anasoma polepole, mstari kwa mstari. Nikifika Jumapili huniachia sura ya tatu nimsomee kwa sauti, na ninasoma.

Ile ya maandishi makubwa, pengo lake na yote, imebaki kwangu. Nina miaka 52 na mwaka huu nimeanza kukosa tundu la sindano, kwa hiyo haikukaa bure. Naibeba kwaya, nzito kama pasi ya mkaa, na wenzangu wananiomba niishike katikati wasome wote watatu. Ukurasa wa kwanza nilijaribu kufuta yale maandishi, karatasi ikaanza kutoboka. Nikaacha. Bado pameandikwa "Kwa mama yetu mpendwa", na Eliza anadhani ni yeye aliyeniandikia akiwa mdogo.