Msimu mmoja kwenye uwanja wa miti ya Krismasi, St. Paul: kazi, malipo na mti wa kununua

Ndugu zangu wa hapa Minnesota wameanza kunipigia tena simu, maana Oktoba ndiyo viwanja vya kuuza miti ya Krismasi huanza kutafuta watu. Mimi niliifanya kazi hiyo mwaka jana, kuanzia 22 Novemba hadi 22 Desemba 2024, kwenye uwanja mmoja wa St. Paul. Jina lake sitalitaja, kwa sababu kuna kasoro ya malipo nitakayoieleza na tulishaimaliza. Kwa upande wa kazi naupa nyota 4 kati ya 5. Kwa upande wa duka, yaani mteja anavyohudumiwa na mti unavyotunzwa, naupa 3.

Kwanza mjue uwanja wenyewe ukoje. Ni eneo la kuegesha magari la duka lililofungwa, limezungushiwa wavu wa chuma, taa ndogondogo zimening'inizwa juu, na kuna kibanda cha magurudumu ambamo mtu wa fedha anakaa na hita yake. Nje, kwenye theluji, ndiko tulikokuwa sisi. Miti imesimamishwa kwa mistari, kila urefu na utepe wa rangi yake: nyekundu ni futi 5 hadi 6, njano ni futi 6 hadi 7, na kuendelea. Mteja anachagua, unamshikia mti ausogelee na kuuzunguka, akikubali unaubeba hadi kwenye chenso (msumeno wa mashine), unakata kitako, unaupitisha kwenye mashine ya kuuvisha wavu, halafu unaufunga juu ya gari. Kwa siku ya Jumamosi ungefanya hivyo mara 40 au 50.

Mimi ni mtoto wa Mafinga. Nimekulia pembeni ya msitu wa Sao Hill, baba alikuwa na shamba lake dogo la mipaina, na harufu ya utomvu niliijua kabla sijajua kusoma. Ndiyo maana nilipoona tangazo sikusita. Kwa mtu wa Dar, ukisema mkrismasi atawaza ule mti wa maua mekundu unaowaka barabarani mwezi wa Desemba. Kwetu Mufindi Krismasi ni tawi la mpaina au la msaiprasi, linakatwa asubuhi na jioni liko kanisani ndani ya ndoo ya mchanga. Kwa hiyo kumuuzia mtu mti mzima kwa dola 95, tena autupe Januari, ilinichukua siku kadhaa kuizoea.

Ila nilipoanza kuujua mti wenyewe nilielewa bei yake. Unaopendwa zaidi hapa unaitwa Fraser, jina lililotokana na John Fraser, mtaalamu wa mimea kutoka Scotland. Asili yake ni milima ya Appalachia ya kusini, upande wa North Carolina, na mpaka leo jimbo hilo ni la pili kwa miti ya Krismasi nchini Marekani baada ya Oregon. Ya kwetu uwanjani mingine ilitoka huko, mingi ilitoka mashamba ya Wisconsin, jirani tu. Siku moja nilikata kitako cha mti wa futi 7, nikapangusa vumbi la mbao kwa kidole na kuhesabu pete: 9. Mpaina wa miaka 9 kule kwa baba umeshaupita urefu wa nyumba. Huu ulikuwa umenizidi kichwa kidogo tu. Baridi inauchelewesha, na kila kiangazi mkulima anapita na panga refu akiupunguza pande zote ili ujae na uchongoke vizuri. Miaka 9 ya kuhudumiwa kwa mkono, kwa ajili ya wiki nne za sebuleni. Tangu siku hiyo nilikuwa nabeba kila mti kwa adabu.

Sasa kazi yenyewe. Lori lilikuwa likifika saa kumi na moja alfajiri. Miti inakuja imefungwa kamba kama miavuli, imelala safu juu ya safu, na mingine imeganda barafu. Fraser wa futi 7 mtu mmoja mwenye nguvu anaumudu, wa futi 9 lazima muwe wawili. Tulikuwa sita, na mwenzangu mkubwa alikuwa kaka mmoja wa Bukavu. Yeye miti yote ya namna hii huiita sapini, kwa Kifaransa chao. Hadi mwisho wa msimu na mimi nilikuwa nasema, "Kaka, niletee ile sapini ya njano." Kumpata mtu wa kuongea naye Kiswahili kwenye baridi ile kulinisaidia kuliko glavu.

Na baridi ni baridi kweli. Katikati ya Desemba kuna siku ilishuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na mtu anayesema Makambako kuna baridi hajaijua hii. Usivae jinzi wala soksi za pamba, zikishika unyevu zinakugandisha. Vaa soksi za sufu, mabuti makubwa kwa namba moja ili hewa ikae ndani, na nguo nyepesi tatu badala ya koti moja zito, maana ukibeba miti kumi utatoka jasho na lazima uvue kitu. Glavu chukua jozi mbili, za ngozi za kubebea na za sufu za kupumzikia. Utomvu ukikushika mikononi sabuni haiutoi. Paka mafuta ya kupikia, sugua, kisha ndiyo unawe. Hiyo tunaijua tangu Mafinga, na wenzangu walinishukuru.

Baridi ya namna hiyo inaubadilisha mti pia, na hapa wengi wanaharibu. Mti ulioganda matawi yake yanakatika kama biskuti. Ukiulazimisha kwenye mashine ya wavu, unasikia tu kah, kah, na mteja anasikia. Tulikuwa tukimwambia mteja wa siku hizo aupeleke kwanza gereji, uyeyuke taratibu, ndipo auingize ndani.

Kufunga juu ya gari kuna ufundi wake. Kitako kinatangulia mbele, ili upepo ulaze matawi badala ya kuyafumua. Kamba ipite ndani ya milango ikiwa wazi, kisha milango ifungwe juu yake. Ukiipitisha madirishani milango haifunguki tena, na nimeona baba mzima akitoka kwenye gari lake kupitia dirishani huku watoto wanamwangalia.

Nifike kwenye jambo lililonifanya niupunguzie uwanja ule nyota kama duka. Mti wa Krismasi ni ua lililokatwa. Likishakatwa, utomvu unaziba kitako, na baada ya saa chache halinywi tena. Kwa hiyo uwanja mwaminifu unakata upya kipande cha sentimita 2 au 3 mbele ya macho yako, unakwambia uuweke kwenye maji ukifika tu nyumbani, na unakuonya kwamba siku ya kwanza unaweza kunywa hadi lita 4. Maji ya bomba yanatosha, sukari na aspirini za watu hazina kazi. Maji yakishuka chini ya kitako hata usiku mmoja, kinaziba tena, na mti mkavu sebuleni ni moto unaosubiri cheche. Sisi siku za kawaida tulikata. Jumamosi za foleni, msimamizi alikuwa anasema, "Usikate kama hajaomba." Nusu ya wateja hawajui kama wanapaswa kuomba! Dakika moja na nusu ya chenso, basi.

Kuna mzee alikuja na stendi ya chuma aliyorithi kwa mama yake, nzito, imepakwa rangi ya kijani mara nyingi hadi inabanduka kwa tabaka. Akachagua Fraser mnene, kitako kikagoma kuingia. Msimamizi akanipa panga, akaniambia nichonge pembeni mpaka kiingie. Nilikataa. Kwetu watu wanagema utomvu wa mipaina, na mtoto yeyote wa Sao Hill anajua kwamba uhai wa mti unapita pembezoni, chini ya gamba tu. Ukichonga pembeni umeondoa mbao ile ile inayopandisha maji, na mti utasimama kwenye stendi iliyojaa maji ukifa kwa kiu. Nikamweleza mzee hivyo kwa Kiingereza changu. Msimamizi hakupendezwa. Bahati nzuri mkulima wa Wisconsin alikuwa bado anashusha mzigo, akasikia, akasema kwa sauti kwamba kijana yuko sahihi. Tukamtafutia mzee mti mwingine, kitako chembamba, ukaingia kwenye stendi ya mama yake bila kuguswa na panga. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Lakini wiki iliyofuata nilikuta mwenzetu mwingine akiambiwa achonge, na alichonga. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa anayetaka kununua, basi, ushauri wangu ni huu. Fraser ana matawi magumu ya kubeba mapambo mazito, sindano zake, yaani majani yake membamba, chini zina rangi ya fedha kidogo, na akipewa maji anamaliza mwezi bila kupukutika. Balsamu pale kwetu aliuzwa dola 65, na kwa harufu hakuna anayemgusa, ukifungua mlango nyumba nzima inanukia msitu, ila matawi yake ni laini kidogo. Mpaina wa Scotland hushikilia sindano hata akikauka, na kwa harufu ndiye aliyenikumbusha nyumbani kuliko wote. Sprusi wa buluu ni mzuri wa sura, lakini anachoma, mwenye watoto wadogo amwache. Kabla hujalipa, shika tawi ulivute taratibu ndani ya kiganja. Sindano za kijani zikibaki mkononi nyingi, mwache hapo. Zile za kahawia zinazodondoka kutoka ndani ni za kawaida, zisikutishe. Na uombe kitako kikatwe, hata kama foleni inakuangalia vibaya.

Malipo. Tulilipwa dola 17 kwa saa, na bakshishi tuliweka kwenye kopo moja na kugawana mwisho wa zamu. Nilikuwa na zamu 19: Ijumaa na Jumanne jioni saa tano tano, Jumamosi na Jumapili saa kumi kumi. Jumla saa 145, sawa na dola 2,465 kabla ya kodi. Bakshishi yangu ilifika dola 612, na nyingi ilitoka Ijumaa na Jumamosi baada ya Sikukuu ya Shukrani, siku ambazo watu wanakuja na familia nzima na moyo mweupe. Kwa mwezi mmoja wa kazi isiyohitaji cheti, si haba. Fedha hiyo ilimlipia mdogo wangu ada ya muhula mzima.

Kasoro ni hii. Hati ya malipo ya kwanza ilionyesha kila zamu yangu imepungua nusu saa. Kuuliza, naambiwa programu inakata muda wa chakula yenyewe. Muda gani wa chakula? Jumamosi nilikula sambusa nimesimama kando ya chenso, glavu moja mkononi na nyingine kwapani, na katikati nikaitwa kufunga gari. Hapa Marekani dakika ambazo hukuachiwa kabisa kazi ni dakika za kazi, lazima zilipwe. Nilikuwa na daftari dogo mfukoni, naandika saa ya kuingia, ya kutoka, na kama nilipumzika, kwa penseli, maana kalamu ya wino inaganda. Zamu 19, nusu saa kila moja, saa 9 na nusu, dola 161.50. Kaka wa Bukavu naye alikuwa ameandika zake kwenye simu. Tulimwendea mwenye uwanja wawili, kwa heshima, nje ya saa za wateja, tukamwekea daftari mezani. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Mwanzo alikaza, baadaye akasema atalishughulikia.

Wanaotaka kuomba mwaka huu wasichelewe. Sikukuu ya Shukrani ni 27 Novemba, na viwanja vingi vitakuwa vimeshafunguliwa wiki moja kabla. Utajaza fomu ya I-9 ya kuonyesha una haki ya kufanya kazi na W-4 ya kodi, na fomu ya W-2, inayoonyesha ulicholipwa na kodi uliyokatwa, wanatakiwa wakupe kabla Januari haijaisha. Anayetaka kukulipa mkononi bila karatasi yoyote, mwache. Aliye na viza ya uanafunzi asijaribu kabla hajaongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake, tafadhali sana, dola 17 hazilingani na kupoteza masomo. Siku ya usaili uliza mambo matatu: muda wa kula unahesabiwaje, bakshishi inagawanywaje, na nani atakufundisha chenso. Uwanja wetu ulitoa miwani na vizibo vya masikio bila kuombwa, hapo nawapongeza.

Hundi ya zile saa 9 na nusu ilikuja kwa posta wiki ya tatu ya Januari, ikiwa na kikaratasi cha mwenye uwanja kuniuliza kama nitarudi. Nilimjibu kwamba nitarudi, mradi kila mti ukatwe kitako, foleni iwepo isiwepo. Juzi amenitumia ujumbe: amekubali, na anataka niwafundishe wapya. Lori la kwanza ni tarehe 20. Penseli nimeshachonga.