Smalltalk ilinipotezea mkulima

Nianze na mzee mmoja wa Nanyamba, mkoani Mtwara. Korosho zake zilishapimwa, stakabadhi anayo, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa rambo. Karani akamwambia jina halimo kwenye kompyuta. Mzee akanigeukia: "Mwanangu, korosho zangu zimo ghalani, mimi simo?" Nikakosa la kumjibu.

Programu ile ya orodha ya wakulima niliiandika mwenyewe kwa Smalltalk, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Nikaenda nyumbani Shangani, Mtwara mjini, nikaingiza orodha ileile upya: mzee yumo. Siku chache baadaye hata pale ghalani akaonekana, hakuna aliyegusa kitu. Kisha akapotea mwingine! Niliilaani lugha nzima pamoja na wale wa Xerox PARC, kituo cha utafiti kule Marekani, walioibuni miaka ya 1970. Debaga yake, chombo cha kusakia makosa kinachosifiwa kila mahali, itanisaidia nini ikiwa hakuna eror? Programu haigomi, inasema tu "hayumo", basi. Mtu kalima mwaka mzima, unamwambia hayumo!

Na imeji, yaani faili linalohifadhi programu nzima kama ilivyo, ndiyo ilinichefua kabisa. Smalltalk ukiiwasha haianzi upya, inaamka na objekti zake zote, yaani vitu vyote vilivyomo ndani ya programu, kama ulivyozihifadhi, nzima na mbovu. Nilikuwa tayari kuwaambia watu wasiiguse.

Lakini imeji hiyohiyo ndiyo iliyoniokoa. Alipopotea wa tatu nikamzuia karani asiguse kitu, nikahifadhi imeji, nikaondoka nayo kwenye fleshi. Usiku nikaifungua, nikachungulia ndani ya seti, yaani mkusanyiko wenye wakulima wote waliosajiliwa. Mkulima huyu hapa, namwona kwa macho yangu! Nikiiuliza seti kama yumo, inajibu hapana.

Kumbe karani alikuwa amesahihisha jina lake baada ya kumsajili, herufi moja tu. Heshi, ile namba inayoiambia seti imweke na imtafute mtu wapi, niliitoa kwenye jina. Seti ilimweka mahali pa jina la zamani, ikawa inamtafuta mahali pa jina jipya. Wakulima wakiongezeka seti inapanuka, inawapanga wote upya, naye anaonekana tena. Ndiyo maana kila nikilitafuta kosa lilishatoweka.

Heshi niliiandika mimi, sikatai. Ila bado nina hasira: kitu kinabadilika tumboni mwa seti nayo hainiambii neno. Hata hivyo sijui ni wapi pengine ningeweza kulibeba kosa likiwa bado hai hadi mezani kwangu. Naendelea nayo. Heshi sasa inatoka kwenye namba ya uanachama, na hiyo karani hana ruhusa ya kuibadilisha.